Pesa ya Leba na Pesa ya Mtoto Zisilale Pamoja

Maswali ya wasomaji: kumwekea akiba mtoto aliye njiani

Barua za safari hii zinauliza jambo moja kwa njia nyingi: ujauzito umeshaonekana, pesa ianze kuwekwa wapi, na kiasi gani? Wengi mnaandika juu ya "mfuko wa mtoto" kama mfuko mmoja, na hapo ndipo mambo huanza kuharibika. Tumejibu tukianza na anayehitaji jibu mapema kuliko wote.

Nina ujauzito wa wiki 14, wa kwanza. Nauza chakula karibu na stendi na faida yangu ni kati ya shilingi 12,000 na 18,000 kwa siku, siku sita kwa wiki. Mume wangu ni fundi ujenzi, leo ana kazi kesho hana. Nataka mtoto azaliwe akute ana pesa yake benki. Nianze na kiasi gani, na niweke wapi? — Mama lishe, Mwanza

Hongera sana, dada. Kabla ya kufika benki, ligawe lengo lako mafungu matatu, kwa kuwa kila fungu lina tarehe yake ya kuhitajika. La kwanza ni la leba: vifaa, usafiri na dharura. La pili ni la arobaini: siku ambazo jiko lako la biashara halitawaka lakini nyumbani mtaendelea kula. La tatu ndilo la mtoto mwenyewe. Anayeweka yote matatu kwenye laini moja ya simu hurudi kutoka hospitali akakuta salio limekwisha, na mtoto aliyeitwa mwenye akiba hana hata senti. Wala hakufuja. Fungu la leba lina haraka, na lenye haraka humeza mengine.

Sasa hesabu. Ujauzito huhesabiwa wiki 40, lakini wewe hesabu mpaka wiki ya 36. Wapo watoto wasiongoja tarehe, na wiki za mwisho hutaweza kusimama jikoni kama sasa. Una wiki 22 za kazi, yaani siku 132 za biashara. Ukiweka 5,000 kila siku ya kazi utafikisha 660,000. Katika hizo tenga 320,000 za arobaini, sawa na 8,000 kwa siku kwa siku 40. Tenga tena 100,000 za kununua mchele, mafuta na mkaa siku utakaporudi kuuza. Laki hiyo moja ndiyo inayosahaulika sana: mtaji huliwa kidogokidogo ndani ya arobaini, na mama akipata nguvu ya kurudi anakuta hana cha kuanzia, anakwenda kukopa kwa riba akiwa na mtoto mgongoni. Zinazobaki, 240,000, ni za leba.

Kisera huduma za uzazi kwenye vituo vya serikali ni bure. Lakini kifaa kikiisha kituoni, ndugu yako ndiye atakayetumwa duka la dawa, pengine saa nane za usiku, na atalipa bei atakayoambiwa. Kwa hiyo muulize nesi wa kliniki yako orodha ya kituo unachotarajia kujifungulia, maana kila kituo kina yake. Mara nyingi utaambiwa glovu, mpira wa kutandika kitandani, pamba, nyembe mpya, vibana kitovu, pedi kubwa, sabuni, beseni, na kanga safi doti mbili au tatu. Anza kununua ukifika wiki ya 28, kitu kimoja kimoja, uviweke kwenye begi moja pamoja na kadi ya kliniki. Katika fungu hili la leba, 50,000 ziwe noti mkononi, ndani ya begi hilohilo. Mtandao wa simu hugoma, na wakala hulala. Zungumza mapema na dereva wa bajaji au teksi anayeishi jirani, mkubaliane bei ya usiku na ya mchana, na namba yake iwe kwenye simu yako na ya mumeo.

Mahali pa kuweka mafungu mawili ya kwanza pasiwe mbali. Laini ya pili ya simu, iliyosajiliwa kwa jina lako na isiyotumika kwa kitu kingine chochote, inatosha. Kuweka kwa wakala ni bure, kutoa ndiko kwenye makato, na makato hupangwa kwa viwango vya kiasi. Kutoa 20,000 mara tano kunakugharimu zaidi kuliko kutoa 100,000 mara moja, basi panga manunuzi yako kwa safari chache. Weka kila jioni kabla ya kufunga hesabu ya siku. Ukisema utaweka Jumamosi kitakachobaki, Jumamosi hakibaki kitu.

Kipato cha mumeo hakina siku, kwa hiyo kipewe jambo lisilo na siku: dharura ya upasuaji. Kila akilipwa kazi, kubwa au ndogo, moja ya tano iende huko. Msipofanyiwa upasuaji, na tunawaombea iwe hivyo, pesa hiyo ndiyo inayofungua fungu la tatu.

Fungu hilo la tatu halifunguliwi leo kwa jina la mtoto, kwa sababu benki itataka cheti cha kuzaliwa. Ukijifungua, usiondoke kituoni bila tangazo la kizazi, na hakikisha majina yameandikwa sawasawa na kwenye vitambulisho vyenu. Herufi moja ikikosewa hapo hukusumbua benki, shuleni, na kwenye pasipoti. Msajili mtoto ndani ya siku 90. Zikipita, usajili unakuwa wa kuchelewa, na unaweza kudai ushahidi zaidi. Ukishika cheti, kitambulisho chako cha NIDA na picha, benki nyingi zina akaunti ya mtoto. CRDB wanayo Junior Jumbo na NMB wana Mtoto Akaunti. Hata kama siku hiyo una 20,000 tu, ifungue.

Nimeambiwa ni mapacha. Likizo yangu ni siku ngapi na mshahara ukoje? — Mwalimu wa shule binafsi, Dodoma

Siku 100 badala ya 84, kwa mshahara kamili. Ndivyo inavyosema Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Mpe mwajiri taarifa ya maandishi angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya matarajio, uambatanishe cheti cha daktari, ubaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Unaweza kuanza likizo wiki nne kabla ya tarehe. Kwa mapacha tunakushauri usingoje dakika ya mwisho, maana mara nyingi huwahi. Baba ana siku tatu tu, azitumie ndani ya siku saba za mwanzo. Kama unachangia NSSF, ulizia fao la uzazi mapema, ukiwa bado mjamzito, kwa kuwa lina masharti ya idadi ya michango. Na kwenye orodha ya vifaa, kila cha mtoto kinunuliwe mara mbili isipokuwa beseni.

Niko kwenye kikoba cha watu 25, nina hisa za 10,000 kila wiki, na pia nacheza upatu wa watu kumi kazini, 50,000 kwa mwezi. Natarajia kujifungua mwezi wa tano. Nitegemee kipi? — Mhudumu wa hoteli, Morogoro

Upatu unaweza kukusaidia sana au kukuumiza, inategemea zamu. Mkiwa kumi, anayepokea anashika 500,000. Mwombe kijumbe zamu ya ujauzito wa miezi saba au minane, na umwombe sasa, kabla ya ratiba haijaandikwa. Wenzako wakijua sababu, wengi watakubali kubadilishana. Ila kumbuka kwamba ukipokea mwezi wa tatu na upatu unamalizika mwezi wa tisa, zimebaki zamu sita, yaani 300,000, na nyingi kati ya hizo zitadaiwa ukiwa likizo. Ukishapokea, tenga papo hapo angalau zamu tatu za mbele, 150,000, uzihesabu kama si zako. Mama mzazi anayeukimbia mchezo bila kulipa huharibu jina lake, na jina ndilo dhamana pekee iliyopo kwenye upatu. Hakuna sheria wala bima itakayokurudishia pesa mtu akipokea akahama. Kwa hiyo usikubali zamu ya mwisho kwenye kundi lenye mtu usiyemjua vizuri.

Kikoba ni habari nyingine. Hisa zako zimefungwa mpaka mzunguko uishe, na vikoba vingi huvunja Desemba. Mtoto anakuja Mei. Kitakachopatikana Mei ni mkopo, ambao vikundi vingi hutoa hadi mara tatu ya hisa zako, pamoja na riba. Mkopo wa biashara hujilipa kwa biashara. Mkopo wa pampasi na maziwa haujilipi. Ushauri wetu: shuka kwenye hisa za chini kabisa zinazoruhusiwa na katiba ya kikundi, na tofauti yote uipeleke kwenye fungu la leba. Soma pia kipengele cha mfuko wa jamii, kwa kuwa vikundi vingi vina zawadi ya mzazi na wanachama hawaidai kwa aibu. Ni haki yako, umeichangia.

Baada ya mtoto kufikisha miezi sita, panda tena hisa. Kwa pesa ya ada ya chekechea, ambayo iko mwaka mmoja au miwili mbele, kikoba kinachoendeshwa vizuri ni mahali pazuri. Angalia tu kama kimesajiliwa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inataka vikundi hivi visajiliwe, na usajili unapitia halmashauri. Siku kikundi kikigombana, kisicho na usajili hakina pa kusimamia.

Mimi na mke wangu tumeajiriwa. Fungu la leba tunalo na bima ya kazini ipo. Tunaweza kumwekea mtoto 30,000 kila mwezi mpaka afike chuo. Tupeleke akaunti ya mtoto, vipande vya UTT, hatifungani, au bima ya elimu? — Baba mtarajiwa, Dar es Salaam

Swali lenu ni la miaka 18, na kwa pesa ya muda mrefu hivyo adui mkubwa ni kulala bila kukua.

Akaunti ya mtoto benki ni salama. Bodi ya Bima ya Amana hulinda hadi shilingi 7,500,000 za kila mweka amana kwenye benki moja, iwapo benki itafilisika. Lakini riba yake ni ndogo, na katika riba hiyo hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10. Tunaiona kama sebule: pesa inapita hapo na kukaa kidogo, hasa ya ada ya mwaka unaofuata. Haifai kuwa kaburi la miaka 18.

Vipande vya mifuko ya UTT AMIS vinafanya kazi hivi: pesa za watu wengi hukusanywa na kununuliwa hatifungani (mikopo kwa serikali au kampuni, inayolipa riba), hisa za kampuni na amana za benki, kisha kila mmoja anamiliki vipande kwa kadiri alivyoweka. Bei ya kipande hutangazwa kila siku ya kazi. Upo Mfuko wa Watoto, ulioanzishwa mwaka 2008 kwa ajili ya walio chini ya miaka 18, ambao unaanza kwa 10,000 tu. Bei ya kipande inaweza kushuka, hasa kwenye mifuko yenye hisa nyingi, na kinachowaumiza watu ni kuuza siku hiyo hiyo iliposhuka. Kwa pesa ya mwakani, kushuka huko ni hatari. Kwa pesa ya miaka 18, mwezi wa bei ya chini ni mwezi ambao 30,000 zenu zimenunua vipande vingi zaidi.

Hatifungani za serikali zinauzwa kwenye minada ya Benki Kuu, kuanzia shilingi 1,000,000, na ndefu kuliko zote ni ya miaka 25. Riba hulipwa mara mbili kwa mwaka. Kwa 30,000 mtafikisha milioni baada ya miezi 34, basi kusanyeni kwenye vipande kwanza. Mkishanunua, riba ile ya kila nusu mwaka irudi kununua vipande. Watu wengi huiacha iingie kwenye akaunti ya mshahara, ikanunue mafuta ya gari, na hatifungani iliyopaswa kuzaa wajukuu inabaki na watoto tu.

Tazameni namba. Tuchukue kwa mfano ukuaji wa asilimia 10 kwa mwaka, unaojumlishwa kila mwezi. Si ahadi ya mtu yeyote, ni kipimo cha kulinganishia. Elfu 30 kila mwezi tangu kuzaliwa hadi miaka 18 ni 6,480,000 mlizotoa mfukoni, na mtakuta takriban 18,000,000. Mkisema mtaanza akifika miaka mitano, mtakuwa mmetoa 1,800,000 pungufu, lakini mtakuta takriban 9,500,000. Miaka mitano ya mwanzo, yenye michango ya 1,800,000 tu, ndiyo iliyobeba karibu nusu ya matunda. Hii ndiyo sababu tunawasisitizia wazazi waanze hata na kiasi cha kuwaonea haya.

Msidanganyike na milioni 18 hizo, hata hivyo. Bei zikipanda asilimia 4 kila mwaka, zitanunua kile ambacho leo kinanunuliwa na milioni 8.9 hivi. Dawa yake ni kupandisha mchango. Kila mshahara ukiongezeka, mchango nao uongezeke kwa asilimia ileile, mwezi uleule, kabla macho hayajazoea mshahara mpya. Pangeni benki ikate yenyewe siku moja baada ya mshahara kuingia.

Bima ya elimu si akiba ya kawaida. Faida yake halisi ni kwamba mzazi akifariki au kupata ulemavu, kampuni huendelea na mpango. Kama nyumba inategemea kipato cha mmoja, hilo lina thamani kubwa. Lakini kabla ya kusaini ulizeni swali moja: nikishindwa kulipa mwaka wa pili, nitarudishiwa kiasi gani? Mikataba mingi miaka ya mwanzo hurudisha kidogo sana au hairudishi kitu. Anayewauzia akisitasita kuwaonyesha jedwali hilo, ahirisheni.

Na yeyote anayewafuata kwenye kundi la WhatsApp akiahidi asilimia 30 kwa mwezi "kwa ajili ya watoto", hata akitumia nembo ya mfuko mnaoufahamu, msimtumie kitu. Mifuko halali ina leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na malipo huenda kwenye akaunti ya mfuko, hayaendi kwenye namba ya mtu.

Nikiandika jina la mtoto kama mrithi kwenye fomu ya benki, nikifariki atapewa pesa moja kwa moja? — Mama wa mtoto mmoja na wa pili njiani, Tanga

Hapana, mama. Fomu inawaambia benki wamtafute nani, haiwaruhusu kumlipa. Akaunti yenye jina lako peke yako itafungwa mpaka familia ilete barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, na hali ni hiyohiyo kwa salio la simu. Kesi nyepesi huchukua miezi. Kwa hiyo fungu la leba na la arobaini liwe mahali ambapo mtu wa pili unayemwamini anaweza kulifikia kihalali: akaunti ya pamoja, yenye maelekezo kwamba yeyote kati yenu anaweza kusaini. La mtoto liwe kwa jina la mtoto, na uandike mahali, kwa kalamu, namba ya akaunti au ya vipande na jina la taasisi. Pesa nyingi za watoto hupotea bila kuibiwa na mtu. Hakuna aliyejua tu kwamba zipo.

Huku kwetu mtoto akizaliwa tunampandia ekari ya mipaina. Je, si bora kuliko benki? — Mkulima, Njombe

Ni desturi nzuri, na hesabu zake zinakwenda sambamba na umri wa mtoto kuliko mpango wowote wa benki. Ekari moja kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 inachukua miche kama 450. Tatizo ni mambo matatu yanayotokea katikati.

La kwanza ni palizi. Miaka miwili ya mwanzo majani yakishinda mche, pengo halizibiki baadaye, kwa kuwa mche unaopandwa upya hukua kivulini mwa wenzake. La pili ni moto. Kiangazi kikikaribia kwisha, mashamba yanapoandaliwa, moto wa jirani mmoja hula miaka kumi ya kazi. Njia ya moto ya mita kama kumi kuzunguka shamba, iliyolimwa ikabaki udongo mtupu, isafishwe kila mwaka kabla ya ukame, na mkubaliane na wenye mashamba mnaopakana nao. Shamba lenye njia ya moto katikati ya majirani wasio nayo haliko salama sana.

La tatu ndilo linalotusikitisha zaidi: kuuza mapema. Mti ukiwa na miaka minane au kumi, mnunuzi anakuja na noti mkononi, nyumbani kuna ada au ugonjwa, na shamba linauzwa likiwa limesimama. Mti wa umri huo hutoa mbao nyembamba chache. Ukiachwa hadi miaka 18 au zaidi, ukapogolewa kuanzia mwaka wa nne au wa tano na kupunguzwa msongamano, unatoa mbao pana zisizo na mafundo, na bei yake ni nyingine kabisa. Kinachookoa msitu wa mtoto, kwa hiyo, ni pesa nyingine pembeni. Weka hata 10,000 kwa mwezi kwenye akaunti au vipande kwa ajili ya dharura za njiani, ili msitu usiguswe. Ardhi nayo iwe na hati ya kimila yenye majina ya baba na mama. Ikiwa haina, mtoto anaweza kukua akakuta miti yake imekuwa ya baba mdogo.

Mimi naendesha boda Likoni. Mke wangu ana mimba ya miezi mitano. Naweza kuweka shilingi mia kwa siku. Nianzie wapi? — Baba, Mombasa

Anzia SHA, bima ya afya ya serikali huko Kenya, ndugu yetu, kabla ya kibubu. Linda Mama mliyoizoea, mpango wa kujifungua ambao mama hakuchangia kitu, haipo tena kwa sura ile. Asiye na mshahara hupimwa kipato cha nyumba, na mchango haupungui shilingi 300 za Kenya kwa mwezi, ila hulipwa wa mwaka mzima kwa mpigo, yaani 3,600 kwa kiwango cha chini. Kusajiliwa peke yake hakutoshi. Lazima iwe imelipwa na mke awe ameandikwa kama mwenza wako. SHA hulipia hospitali 10,000 kwa kujifungua kwa kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Hospitali ya binafsi ikitoza zaidi, tofauti ni yako, kwa hivyo waulize sasa, wakuandikie.

Mia kwa siku kwa miezi minne ni kama 12,000. Lipa SHA kwanza, hata kwa kuazima chama na kurudisha. Zilizobaki zifunge kwenye akiba ya simu yenye muda, uipange ifunguke mwezi mmoja kabla ya tarehe ya matarajio. Ukiifunga hadi wiki ileile ya kujifungua, mtoto akiwahi utakuwa una pesa usizoweza kuzigusa. Mtoto akizaliwa, chukua hati ya taarifa ya uzazi hospitalini, umwandikishe kwenye SHA yako upesi, maana homa ya wiki ya pili haingoji cheti.

Assalaam alaykum. Sitaki riba katika chumo la mwanangu. Pia mama mkwe anasema ninunue dhahabu, na akika ninaiwazia tangu sasa. — Mama mja mzito, Unguja

Waalaykum salaam, bibi. Njia zipo. PBZ, Benki ya Watu wa Zanzibar, wana huduma za Kiislamu za Ikhlas, na Amana Bank, iliyoanza mwaka 2011, inaendeshwa kwa misingi ya Kiislamu. Ukiweka kwa mkataba wa mudaraba unagawana faida na benki kwa uwiano uliotajwa mapema. Faida hiyo hupanda na kushuka, na hakuna anayeweza kukuahidi kiasi. Ukitaka mahali pa kuhifadhi tu, akaunti ya wadia inatosha kwa fungu la leba na la arobaini, na ndiko tunakokushauri uanzie.

Dhahabu ni ya fungu la tatu, isiwe la leba. Ukinunua bangili leo na kuiuza baada ya miezi minne, utapoteza ujira wa sonara, na muuzaji hanunui kwa bei aliyokuuzia. Ikikaa miaka kumi, hasara hiyo humezwa. Nunua uzito, usinunue nakshi: kadiri pambo linavyokuwa na kazi nyingi ya mkono, ndivyo pesa nyingi zaidi zinavyobaki kwa fundi. Dai risiti yenye gramu na karati. Ya 21 ina dhahabu asilimia 87.5, ya 18 ina 75, na kwa macho ya mtu wa kawaida hazitofautiani. Hereni ndogo za mtoto zenye mawe hupimwa pamoja na mawe yake wakati wa kununua, halafu mawe yakatolewa wakati wa kuuza. Ziepuke kama lengo ni akiba.

Akika ni sunna, kwa mtoto wa kiume mbuzi wawili na wa kike mmoja, siku ya saba, na asiyekuwa na uwezo siku hiyo hakufungiwa mlango. Sheikh wako atakueleza zaidi. Tunalolisema sisi ni kwamba usichinje kwa pesa ya arobaini, wala usikope. Kama una miezi mitano mbele, muulize mfugaji wa shamba bei ya beberu mdogo sasa, umwachie amlishe kwa makubaliano ya maandishi. Karibu na Idi ya kuchinja bei hupanda sana, kwa hiyo tazama kalenda kabla hujapanga.